Mikono ya Delphin

Habari ilipoenea katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwamba Delphin anataka kwenda kushuka shimoni kwa kupenda tu, wazee waliotoka Fizi, Kongo, walicheka mpaka wengine wakatafuta pa kukaa. Hao ni watu ambao vita vya kwanza viliwalaza mapangoni na watoto wao, viganja vimeziba midomo ya wadogo wasikohoe. Vita vya pili vikawarudisha katika mapango yale yale, nyumba zao zikiwa bado hazijapata milango mipya. Sasa kijana wa Bukavu, mwenye diploma, anafunga safari kutafuta shimo Malawi.

"Ule kijana vita haikumutosha," akasema mzee Lwaboshi. "Tungejua, tungemuachia nafasi yetu."

Godelive alikuwa ameinama kwenye cherehani, akawasikia, akaendelea kushona. Lwaboshi alikuwa mjomba wake, ndiye aliyemvusha ziwa akamlea. Godelive hakucheka, maana huyo anayechekwa alikuwa mchumba wake, au tuseme alibakiza Jumapili moja kuwa mchumba wake. Jumapili hiyo wazee wa Delphin walikuwa waje na vinywaji. Kwa desturi ya kwao, vinywaji vya posa haviguswi. Vinakaa mezani vimefungwa, watu wanavitazama kwa macho na kwa koo zao, mpaka mjomba amuulize binti, "Tukunywe?" Akisema mukunywe, ameolewa kwa maneno, na mengine yote ni kumalizia. Akikataa, wageni wanabeba chupa zao wanarudi nazo walikotoka.

Godelive hakujua bado atajibu nini. Delphin alikuwa na baba mdogo Lilongwe, mtaa wa Area 25, mwenye duka la vitenge na nyumba ya matofali ya kuchoma. Alimwahidi kwamba wakioana watakaa chumba cha nyuma, na dirishani kutawekwa cherehani ya Godelive peke yake. Hii aliyokuwa akishonea ilikuwa ya kanisa. Wanawake waliigombania kwa zamu, na kila mmoja aliiacha imeharibika mahali papya. Ile cherehani ya dirishani aliitamani kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu. Delphin mwenyewe, hapo ndipo alikuwa hajamaliza kutazama. Shule ilimwachia darasa la sita, vita vikafunga milango, na tangu hapo Godelive alisoma kwa macho. Naye hakuwa mtu wa kufunga kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho.

Kamba ya kushukia shimoni ilitoka Area 25. Mzungu fulani alirudi kwao akaacha vitu, na vitu vyake vikateremka mpaka sokoni kwenye marundo ya kaunjika, katikati ya makoti ya mitumba: kamba nene ya bluu, ndefu ajabu, kofia ngumu yenye taa kwenye paji, mikanda ya kuvaa mapajani, na vyuma vya kufungia. Muuzaji alidhani ni vya kufungia ng'ombe wakali. Delphin alikuwa pale na vitenge vya baba yake mdogo, akavitambua mara moja. Zamani, koleji ya Bukavu, padri mmoja aliwaonyesha picha za Wazungu wananing'inia shimoni. Jioni aliporudi Dzaleka na mzigo wake, picha zile zilikuwa zimekwisha kugeuka kuwa yeye.

"Kule Bukavu tulikuwa tunashuka kila vakansi, masomo ikifungwa," aliwaambia wanakorali. Yeye ndiye aliyekuwa prezida wa korali, kwaya ya kanisa lao la walokole.

"Mulikuwa munashuka wapi?" Godelive akauliza.

"Mu mashimo mbalimbali."

"Kama gani?"

"Sheri, mpenzi wangu, hayo ni mambo ya siyansi. Weye tushonee tu mikanda, naona imekatika."

Akaishona. Alipitisha uzi juu ya uzi mpaka sindano ikalalamika. Delphin alikuja kuipima akaomba ipunguzwe kiunoni, maana ikikaa vile italikunja koti.

"Unaenda na koti mu shimo?"

"Nitaenda namna gani? Kama muhuni?"

Kutoka kambini kunataka sababu, na korali ilikuwa na sababu isiyokataliwa na mtu: tunapanda mlimani kufunga na kuomba. Alfajiri ya Jumanne wakakutana barabarani watu watano. Delphin alikuwa na koti la kijivu, suruali yenye pasi kali kama kisu, na viatu vilivyong'aa. Ile kofia ya taa alikuwa ameivaa tangu mlangoni kwake, akapita nayo sokoni polepole ili asiwepo wa kuikosa. Moïse, mpiga ngoma, alibeba kamba; huyu, Delphin akisema leo ni Jumatano, atamwambia ni kweli Prezida. Marlène, binamu ya Delphin na sauti ya kwanza ya korali, alijitwika beseni la mandasi lililofunikwa kitambaa.

"Si tunafunga?" Godelive akamuuliza.

"Ni ya kufungulia," Marlène akasema. Kabla basi dogo halijafika Dowa alikuwa amekwisha kufungulia mara mbili.

Wa tano alikuwa Épitace, jirani yake Godelive, baba wa watoto, anayepakua magunia ya mahindi kwenye soko la Dowa. Hakuwa mwanakorali wala mlokole. Alikuwa Mkatoliki, rozari shingoni, na walimchukua kwa ajili ya mabega yake. Njia nzima Delphin alimhubiria.

"Ndugu Épitace, ninyi Bakatoliki munaomba kama batu banasoma redio. Hakuna moto. Mutu anasifu Mungu na mukono moja?"

"Moja inamutosha," akasema Épitace.

"Mungu anataka zote mbili. Juu kabisa."

"Sawa, Prezida. Nitabakisha moja, pengine itakuwa na kazi."

Marlène akacheka mpaka beseni likayumba. Delphin akasema mtu asiye na Roho hawezi kuelewa.

Kutoka Dowa Boma walitembea kwa miguu katikati ya mashamba ya tumbaku, wakapanda kilima cha mawe. Mama mmoja mwenyeji, aliyekuwa akilima karibu, aliwaonyesha shimo. Akauliza kama kuna mbuzi wao ametumbukia. Delphin akamjibu kwa Kichewa chake cha sokoni kwamba hapana, wanataka kushuka kuangalia. Mama akaangalia koti. Akaangalia viatu. Akasema zikomo, yaani asante, akaenda zake, na baada ya kitambo akarudi na kigoda, akakaa kando kidogo na kukunja mikono kama mtu aliyelipia kiti.

Lilikuwa shimo kweli. Lilifunguka kati ya majabali mawili kama kinywa cha mtu aliyelala, upana wake chumba kizima, majani mabichi yakining'inia ukingoni. Kutoka ndani ilipanda hewa baridi yenye harufu ya popo. Moïse akatupa jiwe. Wakangoja. Jiwe likagonga mahali, likanyamaza, kisha likagonga tena chini zaidi, mbali sana, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba nyingine.

Delphin aliyekuwa ameinama ukingoni akanyooka. Akarudi hatua chache na kupangusa magoti ya suruali.

"Mimi nitakaa huku juu," akasema. "Siyantifiki, mukubwa wa msafara hashuke wa kwanza. Anabakia juu, anaona yote, anaongoza kamba."

"Ni kweli, Prezida," akasema Moïse.

"Basi nani atashuka?" akauliza Épitace. "Mi niko muzito. Mukinishusha mutanifuata wote."

Marlène alisema sketi yake haikushonwa kwa mambo hayo, na kwa kweli alikuwa amesema hivyo tangu Dzaleka. Moïse akawa anakagua kamba kwa bidii kubwa. Ndipo macho ya watu yakamfikia Godelive, na Delphin akatamka kwa Kifaransa kizuri sana, mkono kifuani, kwamba heshima ni ya wanawake kwanza.

Godelive alikuwa akimtazama. Aliliona jasho chini ya ule ukingo wa kofia, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Angeweza kukataa, wote wangerudi nyumbani wakiwa wazima na mandasi yao. Lakini alitaka kuona kuna nini chini. Tena akawaza kwamba kama ni mikono hii itakayomshika mpaka uzeeni, si vibaya ikianza leo.

"Nipe kofia," akasema.

Kofia ilichukua muda kutoka. Delphin aliivua, akachana nywele kwanza, ndipo akampa. Godelive akafungua kitenge alichojifunga. Ndani alikuwa na suruali ya kaunjika.

"Suruali, Gode?" Marlène akashika shavu. "Na tumekuja kuomba?"

"Mungu alishaniona na mbaya kuliko hiyo."

Akavaa mikanda aliyoishona mwenyewe. Mshono huo aliuamini, maana aliujua ulikotoka. Kamba wakaizungusha mara moja kwenye shina la mti wa msuku, na wanaume watatu wakashika: Delphin mbele kwa kuwa ni prezida, Moïse katikati, Épitace nyuma amejizungushia ncha kwenye mkono wa kushoto. Marlène akalala kifudifudi ukingoni awe macho ya walio juu. Delphin akaomba. Akamwomba Mungu abariki shimo, abariki kamba, abariki Malawi na Kongo na wakuu wa nchi zote za Maziwa Makuu waingiwe na hekima. Godelive alikuwa ameshakaa ukingoni, miguu ikining'inia. Sala ilipofika kwa wakuu wa nchi mguu mmoja ukafa ganzi.

Kisha akashuka.

Na ilimpendeza. Hilo hakulitegemea. Jabali lilikuwa na maji, limejaa mikunjo, na taa ilipolimulika liling'aa. Mawe mengine yaliteremka kama sketi ya marinda iliyopigwa pasi na fundi asiye na haraka. Popo walitingishika wakamwachia njia. Juu, mbingu ilikuwa kama sahani, baadaye kama kikombe, na kichwa cha Marlène pembeni kama nzi kwenye kikombe hicho. Alifika kwenye jiwe lililotokeza kama kibaraza, akasimama, akapumua. Chini ya kibaraza shimo liliendelea, likiwa jembamba na lenye giza zaidi.

Kule Fizi, pangoni, giza lilikuwa na watu. Lilikuwa na pumzi za watu na njaa ya watu, na nje kulikuwa na buti. Giza la hapa halikuwa na neno na mtu. Godelive aliona ajabu, kumbe shimo ni kitu kizuri mtu asipofukuzwa kuingia.

"Endelea kushusha!" akaita.

"Anasema mushushe!" Marlène akapokea.

Wakashusha. Kuta zikamkaribia mpaka viwiko vikagusa pande zote mbili, halafu ghafla zikaachana, na akajikuta ananing'inia chini ya dari ya ukumbi mkubwa, hagusi ukuta wowote, anazunguka taratibu. Taa yake ikatafuta ikapata sakafu: mchanga mweupe, na dimbwi dogo la maji meusi lisilotikisika. Akapaza sauti kwa furaha.

"Ninaona chini! Kuna maji!"

Sauti ikapanda shimo zima. Akamsikia Marlène akiipokea kule juu, mbali, kwa ile sauti ya kwanza ya korali:

"Amefika, amefika! Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Iliitikiwa kwa nguvu, kiume, kama inavyoitikiwa kila Jumapili. Godelive aliisikia vizuri, maana alianguka pamoja nayo.

Hakupata wakati wa kupiga kelele. Tumbo lilibaki juu, mwili ukaenda. Kisha mikanda ikamkaba mapaja kama koleo, kichwa kikarushwa nyuma, kofia ikagonga jiwe na taa ikazimika. Akawa ananing'inia gizani, anayumba kama kengele, na kokoto zikimnyeshea begani. Mshono ulilia mara moja. Ukashika.

Halafu kule juu sauti ya Épitace, ambayo siku zote ni ya polepole, ikapasuka:

"Mushike! Mushike kamba, batoto ya bantu!"

Kukawa na kelele za viatu na mawe. Kamba ikatulia, ikaanza kushuka tena kwa adabu, na visigino vya Godelive vikagusa mchanga. Akakaa. Akaipiga taa kwa kiganja mpaka ikawaka.

"Sheri!" Delphin akaita kutoka juu. "Usiogope! Niko hapa!"

Hilo Godelive hakulibishia. Alikuwa pale, na pale ndipo alipokuwa tangu asubuhi.

Akanawa uso kwenye dimbwi. Maji yalikuwa baridi na matamu. Kulikuwa na mifupa ya mbuzi, pengine yule aliyemfikiria mama wa kigoda, na kulikuwa na jiwe moja jeupe lililokunjamana kama kitambaa cha satini kilichoangushwa sakafuni. Akalipapasa. Waliita mara nyingi. Aliwaacha waite. Katika Dzaleka nzima hakuwahi kupata mahali pa kukaa peke yake, akaona si haki kuondoka hapo haraka kwa sababu tu kuna watu wameogopa.

Aliposhiba akatingisha kamba, wakamvuta.

Juu, Marlène alimkumbatia akilia na kutafuna, na yote yakamtoka kabla hajaulizwa.

"Gode, dada yangu, ni mi nilisema Bwana asifiwe, sikufikiri! Delphin akainua mikono, Moïse akainua mikono, zote! Niligeuka nikaona mikono iko mbinguni na kamba inakimbia kama nyoka. Ni Épitace tu. Yeye alifanya alama ya musalaba na mukono moja, ile ingine ikabakia mu kamba."

Godelive akamtazama Épitace. Alikuwa amekaa kwenye mizizi ya msuku, kiganja cha kushoto kimechunwa ngozi, anakipuliza.

"Nilimwambia pengine itakuwa na kazi," akasema, si kwa majivuno, kama mtu anayekumbushia bei.

Moïse alikuwa amepiga magoti. "Dada Gode, unisamehe. Mikono ilienda yenyewe. Mi mwenyewe niliiona iko juu, nikashangaa."

"Simama, Moïse," Delphin akasema. Alikuwa akilinyoosha koti. "Mutu haombe samahani juu ya kusifu Mungu. Gode, sikia. Ile mikono haikuwa yangu. Ilikuwa ya Roho. Mutu wa Mungu akisikia jina ya Bwana, mikono yake inapanda, hana nguvu ya kuizuia. Na umeona? Bwana alikulinda. Ni ushuhuda mukubwa."

"Bwana na Épitace," akasema Marlène.

"Bwana alimutumia Épitace. Alimutumia hata punda wa Balaamu."

Épitace akaendelea kupuliza kiganja.

"Sasa ni zamu yako kushuka, Ya Delphin," akasema Godelive, na Ya hiyo ni ya kumheshimu kaka. "Kuna maji muzuri. Mi nitakushikia kamba."

Wote wakamgeukia Delphin. Hata mama wa kigoda, ambaye hakujua Kiswahili, aliinama mbele. Delphin akatazama jua, akatazama njia, akasema itawabidi kuwahi basi la Dowa. Kisha akachukua kofia yake kichwani mwa Godelive, akaipangusa matope kwa leso, akaivaa. Walipoondoka mama mwenyeji aliuliza kama kesho watarudi.

Alhamisi, kwenye sala ya jioni, prezida wa korali alisimama kutoa ushuhuda. "Wapendwa, tulishuka mu kina," akaanza, na mikono yake ikaonyesha kina. Alieleza giza, alieleza popo, alieleza jinsi shetani alivyotaka kukata kamba na jinsi jina la Bwana lilivyotajwa wakati ule ule, na dada akapona. Watu waliitika wakapiga makofi. Godelive alisimama mahali pake katika safu ya pili, akamsikiliza akizieleza kuta ambazo hakuziona. Jiwe la marinda hakulitaja, kwa kuwa Godelive hakuwa amemsimulia mtu.

Nyumbani, mjomba Lwaboshi alijua ukweli wote kutoka kwa Marlène, kama ilivyokuwa kwa kambi nzima. Lakini mjomba alikuwa na mawazo yake.

"Mwana wangu, usimuchukie bule. Mikono ya balokole iko vile. Mi nilishaona mutu anaangusha sahani ya nsima, na njaa anayo. Ni mazoea. Kijana ana diploma, ana nyumba Lilongwe. Utakaa huku Dzaleka ungoje nini?"

Na Godelive hakuwa mtu wa kuonea. Alilipima neno hilo. Ijumaa alikuwa kwenye cherehani, anaunga mkono wa blauzi ya watu, mama mmoja akapita mlangoni na kuita, "Bwana asifiwe!" Mikono ya Godelive mwenyewe ikaruka juu. Alipoirudisha mshono ulikuwa umekwenda upande kabisa. Akakaa akiutazama. Basi ni kweli, mikono inapanda. Akaanza kuufumua, na kwa kila uzi aliouchomoa alizidi kumsamehe Delphin kidogo. Ushuhuda wa uongo, huo aliuweka katika yale madogo ya wanaume. Mpaka Jumamosi usiku jibu lake lilikuwa limeelekea Area 25, na katika mawazo yake cherehani ilikuwa tayari dirishani, imefunikwa kitambaa.

Jumapili walikuja. Baba mdogo wa Lilongwe alivaa suti, akatafuta kiti kisicho na vumbi asikipate. Mchungaji alikuja, Moïse alikuja, Marlène alikuja na dada zake. Épitace alialikwa kwa ujirani, akakaa karibu na mlango, mkono umefungwa bendeji. Nyumba ya udongo ilijaa mpaka joto likawa na uzito. Godelive alikaa chini kwenye mkeka miguuni pa mjomba, kichwa kimefunikwa, macho yako wazi.

Kwa desturi, mwenye kuposa anabeba vinywaji kwa mikono yake mwenyewe mpaka mezani. Delphin akatokea mlangoni na sinia kubwa: chupa za Fanta, bado zina jasho la barafu la Lilongwe, na pembeni yake gilasi za mke wa baba mdogo, zile nyembamba zenye mstari wa dhahabu, ambazo kwa kawaida hazitoki kabatini. Alikuwa katikati ya chumba mchungaji aliposimama, uso umejaa furaha, na kusema kwa sauti ya mimbarini:

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Nyumba yote ikapanda. Mjomba aliinua, Moïse aliinua, baba mdogo aliinua na saa yake, dada za Marlène waliinua, mtoto aliyekuwa mgongoni akainuliwa mkono na mama yake. Épitace alifanya alama ya msalaba kwa mkono usio na bendeji. Godelive pale chini, mikono yake nayo ilikwenda, lakini macho yalibaki palepale yalipokuwa.

Delphin alisema Amina kwa mdomo. Alisema vizuri, kwa bidii, macho ameyafumba. Mikono yake ilikuwa kwenye sinia. Vidole vilikuwa vimekaza mpaka kucha zikawa nyeupe, na hakuna gilasi hata moja iliyogusana na mwenzake.

Akaweka sinia mezani polepole. Akapumua.

Watu wakakaa. Mjomba Lwaboshi alilitazama sinia, akalamba midomo, akasema maneno marefu yanayotakiwa kusemwa, kuhusu koo mbili, kuhusu kutoka mbali, kuhusu mti kupandwa ugenini. Kisha akamgeukia binti kama inavyotakiwa.

"Godelive, mwana wa dada yangu. Wageni balikuja na kinywaji. Tukunywe?"

"Mujomba, niko na swali moja kwa Ya Delphin."

Haikuwa desturi, lakini haikukatazwa. Mjomba akaitikia kwa kichwa.

"Ya Delphin, mchungaji alisema Bwana asifiwe. Mikono yako haikupanda."

Delphin akacheka kidogo, akawatazama wazee ili nao wacheke. "Sheri, ningeinua namna gani? Ulikuwa unaona, nilikuwa na gilasi."

"Niliona."

"Zingevunjika."

"Zingevunjika," Godelive akakubali.

Hakukuwa na haja ya kuongeza kitu, maana Marlène alikuwa ameshika mdomo kwa viganja vyote viwili, na Moïse alikuwa akiangalia mikono yake. Épitace alitazama nje mlangoni kana kwamba amesikia mtu anamwita. Mchungaji alikuwa mtu wa mwisho kuelewa, na alipoelewa alikohoa.

"Mwana wangu," mjomba akasema polepole, jicho moja kwake na jingine kwenye chupa. "Tukunywe ao tusikunywe?"

Cherehani ya dirishani ilimjia Godelive pamoja na kitambaa chake, na mwanga wa asubuhi juu yake. Aliitazama vizuri, kama anavyotazama kila kitu, maana alijua haitarudi.

"Musikunywe, Mujomba."

Mzee Lwaboshi akanyoosha mkono, akalisukuma sinia likarudi upande wa wageni. Alilisukuma kwa uchungu wa kweli, kidole kimoja kikapita juu ya ubaridi wa chupa.

Delphin aliongea. Alitaja Roho, alitaja shetani anayeingilia ndoa za watu wa Mungu, alitaja diploma. Baba mdogo akamwambia abebe gilasi za watu waende. Akabeba. Akatoka nazo uani na kupita katikati ya watoto wanaocheza mpira wa matambara. Akapanda nyuma ya kabaza, ile baiskeli ya kubebea abiria, sinia mapajani, na baiskeli ikaondoka juu ya mashimo ya ile barabara ya Dzaleka ambayo humwangusha mpaka mwenye baiskeli yake. Walioiona safari hiyo wanasema mpaka njia panda haikulia gilasi hata moja.

"Fanta ya baridi vile," mjomba alisema baadaye, akinywa maji ya mtungi. "Ungemuuliza swali kiisha tukunywe, Gode. Ingekuzuia nini?"

Godelive alikuwa ameshatoka. Zamu ya cherehani ya kanisa ilikuwa yake mpaka jioni, na ile blauzi ya watu ilibakia mkono mmoja.